Kifungo Hataki Kula

Kinyozi alirudi nyumbani jioni akiwa na kijibwa ndani ya mfuko wa koti. Mteja wake mmoja alikuwa anahama, hana wa kumwachia, na kinyozi kukataa jambo hakujui.

"Huyu hakui zaidi ya hapa," alimwambia mkewe. "Hata utasahau kama yupo."

Mkewe, fundi cherehani aliyefanyia kazi pale pale sebuleni, akakitazama. Kilikuwa kidogo kuliko kiatu, manyoya tele, macho mawili meusi ya mviringo. Akakiita Kifungo.

Kusahau? Thubutu! Kila asubuhi mume akishatoka, vituko vilianza. Fundi alitandika magazeti. Kifungo akayazunguka, akakojoa kwenye zulia. Akimweka juu ya kochi, anataka kuruka na vijiguu vyake kama njiti za kibiriti. Akimwacha sakafuni, anakwenda kulala chini ya kanyagio la cherehani. Fundi akawa anashona jicho moja kitambaani, jingine chini, na mishono ikaenda upogo.

Lakini lililomkera kuliko yote ni chakula. Alimsagia nyama, Kifungo akageuza uso. Alimlowekea chakula cha dukani kwa maji ya vuguvugu, akanusa, akaondoka zake. Halafu jioni kinyozi anarudi, anachovya kidole kwenye chakula kile kile, na mbwa anaramba mpaka kucha!

"Unamkaripia mno," mume akasema. "Mbembeleze."

"Nimembembeleza mpaka maneno yameniisha! Mimi mwenyewe hujawahi kunibembeleza nile."

Asubuhi moja alikuwa akikimbizana na gauni la bibi harusi, mwenyewe anakuja kulijaribu mchana. Kifungo akakataa chakula tena. Fundi akainua kisahani. "Hutaki? Sawa. Njaa itakutia adabu."

Kukawa kimya, naye akaushukuru ukimya ule. Alipogeuka kuchukua mkasi, akamwona Kifungo amelala ubavu, anatetemeka, shingo imelegea. Akampigia daktari wa mifugo.

"Amekula mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni."

"Mama, mbwa mdogo hivyo hashindi na njaa, mwili wake hauna akiba. Mpake asali kwenye fizi, kidogo kidogo asije akapaliwa. Mfunike, umlete haraka."

Alikuwa amepiga magoti, asali kidoleni, bibi harusi alipobisha hodi na kuingia.

"Gauni langu liko wapi?"

"Bado pindo. Naomba unisubiri, huyu anakufa."

"Harusi yangu na mbwa wako, wapi na wapi?" Akalichukua gauni na pindo lake lisiloshonwa, akatoka.

Kifungo alipona. Daktari akaagiza alishwe kidogo kidogo mchana kutwa, asiachwe peke yake. Jioni mume alipofungua mlango, mgonjwa alimkimbilia huku akitikisa mwili mzima. Fundi aliyeshinda mchana kwa magoti hakutazamwa hata kidogo.

"Kesho mnaondoka wote wawili," akasema.

"Saluni? Kuna nyembe, kuna mashine, watu wanaingia na kutoka…"

"Na hapa kuna sindano. Unadhani mimi nacheza?"

Kinyozi akaenda naye kweli. Kufikia adhuhuri alikuwa amerudi, kazi ameiacha, Kifungo kifuani amejaa nywele za watu. Mbwa alikuwa nusura akanyagwe, na mteja aliyenyolewa upande mmoja alikuwa bado anamsubiri kitini.

"Sikujua," kinyozi akasema, akaketi.

"Hukuuliza."

Wakapatana: asubuhi mbwa akae saluni ndani ya kikapu kirefu, mchana akae kwa fundi. Zulia liliendelea kunuka, na kisahani kiliendelea kurudi kimejaa. Jumapili ilipofika, fundi akavaa vizuri, akawaachia mume na mbwa nyumba, akaenda kwa dada yake. Mumewe akapiga simu mara kadhaa. Hakuipokea mpaka alipomaliza chai.