Bakteria wa Shimo la Mfinyanzi

Kichupa kimoja cha bakteria wake kilikuwa kimetoweka kwenye friza ya maabara, na Mama Udongo hakuhitaji mpelelezi wa kumwambia nani kakichukua. Ni yule mwenzake wa maabara, Kimya. Nani mwingine? Mtu anawahi maabara kuliko wote, anatabasamu peke yake juu ya darubini, na ukimuuliza jambo anakujibu "mh". Mtu wa namna hiyo lazima ana lake.

Jina la Mama Udongo alipachikwa na wenzake kazini, maana hapiti penye shimo bila kuchota. Safari hii alikuwa amechota kwenye shimo ambalo marehemu baba yake, mfinyanzi, alichimba maisha yake yote. Humo akampata bakteria mwekundu. Alimlinganisha jeni kwa jeni na jamaa zake wote wanaojulikana: jenasi yake, yaani ukoo wake, ilionekana wazi, lakini spishi yake haikuwa imeandikwa popote. Mpya kabisa! Akampigia mama yake simu.

"Mama, huyu ataitwa kwa jina la baba."

Mama alilia hadi simu ikakatika.

Ila spishi haitambuliwi kwa maneno matupu. Sharti bakteria wenyewe, wakiwa hai, wahifadhiwe kwenye hazina mbili za bakteria za nchi tofauti. Na anayewahi kuchapisha ndiye anayechagua jina. Mama Udongo akaona jina la baba yake likienda hivi hivi. Tangu hapo akamnunia Kimya, na hata Kimya alipomsogelea akaanza, "Samahani dada, kuna kitu nataka—" alimkata kauli: "Nina haraka," akampa kisogo.

Ijumaa akafanya ujanja. Akabandua lebo kwenye vichupa vyake vilivyobaki na kuvisukuma nyuma kabisa ya friza. Mwizi atajuaje kipi ni kipi? Akaenda nyumbani amejaa furaha.

Jumatatu nyuma ya friza palikuwa patupu. Hakuuliza mtu. Alipanda ngazi moja kwa moja hadi kwa bosi.

"Kimya ni mwizi," akasema. "Kaniibia kazi yangu yote. Mfukuzeni."

Bosi alishusha pumzi, akasema atamwita.

Aliporudi chini, mhudumu wa maabara alikuwa anafuta meza. Akamuuliza kama alimwona Kimya akichukua vichupa vya nyuma ya friza.

"Vichupa vya nyuma?" mhudumu akashangaa. "Havikuwa na lebo, nimevichemsha Ijumaa pamoja na taka. Si wewe dada uliyeipigania sheria hiyo kikaoni? Kisicho na lebo kichemshwe!"

Mama Udongo akashika meza. Amemuua bakteria wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo Kimya akaingia, mkononi kichupa kimoja kimeganda barafu, lebo yake imebandikwa vizuri.

"Dada, pokea mali yako. Friza hii ililia kengele ya hitilafu usiku mmoja wa zamu yangu, nikaogopa isife na kila kitu. Nikahamisha kimoja cha akiba kwenye friza ya chini. Nilitaka kukwambia, lakini wiki nzima hunipi hata salamu." Akatabasamu. "Wako hai. Nimewajaribu."

Mama Udongo alikipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlenga.

Simu ya ukutani ikalia. Kimya akaisikiliza, akaitikia "mh", akairudisha.

"Bosi ananiita, anasema niende sasa hivi. Unajua kuna nini?"

"Sijui," akasema Mama Udongo.