Mshenga Dirishani

Wapwa wake walimwita Mjomba Kipaza, na si kwa sababu ya sauti tu. Akianza kusema, chai inapoa mezani na hakuna wa kumkatiza. Ndiyo maana ukoo ulimtuma yeye akamposee mpwa wake binti wa mfuga nyuki. Safari ya kwanza alijisifu kutwa nzima: magari ya ukoo, nyumba za ukoo, mpaka mbwa wa ukoo. Mfuga nyuki akamsindikiza bila jibu. Sasa alikuwa amepewa nafasi moja tu, aje asubuhi aseme neno lake. Akiharibu tena, kijana amsahau binti.

Mjomba, mtu wa makuu, hakutaka kulala pengine ila kwenye nyumba ya kale ya kijiji, ile yenye kibao getini kwamba gavana fulani aliwahi kulala humo. Kitanda kilikuwa kifupi. Bila shaka na gavana alikuwa mfupi. Kulipokucha akampa mama mwenye nyumba suruali aipige pasi. Mama akaipokea, akauvuta mlango nyuma yake kwa adabu, na kitasa ambacho hakikuwa kimejifunga tangu enzi za huyo gavana kikajifunga.

"Mama, vunja mlango!"

"Nivunje? Baba, mlango huu una zaidi ya miaka mia!"

"Na mimi nina posa!"

"Posa zipo kila mwaka. Fundi nimeshamwita. Subira huvuta heri, baba."

"Basi ivute na mlango!"

Mama akasukuma, akatia mafuta ya kupikia, akausemesha ule mlango taratibu kama ng'ombe anayekamuliwa. Ndipo harufu ikawafikia wote wawili. Pasi ya mkaa alikuwa ameiacha juu ya suruali alipoitwa mlangoni.

"Mama, ni nini kinaungua?"

Mama akaacha kusukuma. "Baba, kwani suruali ulikuja nayo moja tu?"

Mjomba akakaa kitandani, machozi yakamlengalenga. Pamoja na makuu yake yote, alimpenda yule kijana. Mjomba ndiye aliyemlea tangu dada yake alipofariki. Angemwambia nini?

Mfuga nyuki naye hakuwa mtu wa kungoja. Aliposikia mshenga amekwama, akaja mwenyewe na dada yake, shangazi wa binti, wakasimama uani mbele ya dirisha lenye nondo. Mjomba akavaa koti haraka, akafunga tai, akajiviringishia shuka kiunoni, akajibana dirishani.

"Kama tumekuja kumwona mahabusu," shangazi akasema.

Mjomba akafungua kinywa aanze na magari. Shuka likalegea. Akalidaka kwa mkono mmoja, halafu kwa yote miwili, na hapo akajikuta hana mkono wa kupunga. Bila mikono, sifa zote zikamkimbia.

"Mzee mwenzangu, sina mengi," akasema. "Kijana wangu si tajiri. Anatengeneza baiskeli. Halewi, anajua kupika, na akikosea anaomba radhi. Nimemlea mimi. Anampenda binti yenu mpaka tunamwonea huruma. Basi."

Mfuga nyuki akaitikia kwa kichwa polepole, akaingia ndani ili ampe mkono, na dada yake akamfuata. Walipofika ukumbini, fundi alikuwa ndiyo kwanza amekiweza kitasa. Mlango ukaanza kufunguka.

Mjomba, aliyekuwa ameomba asubuhi nzima mlango ufunguliwe, akaurukia ili aufunge. Kwa bahati mbaya aliurukia kwa mikono yote miwili.

Shangazi akageuka akatazama ukuta. Mama mwenye nyumba akaukagua mlango kama haukuchubuka. Mfuga nyuki akamtazama mshenga kuanzia tai mpaka vidole vya miguu, bila haraka.

"Mara ya kwanza ulikuja na suruali," akasema, "na hatukuambulia neno la maana hata moja. Mwambie kijana aje. Ila yeye avae."