Maswali Kumi ya Reino

Watu waliokuja kumzika mume wangu walimsifu kwa upole. Ni kweli, Reino alikuwa mpole. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa pia mtu wa kuchosha roho, na mimi niliyekaa naye miaka thelathini na sita sitaki hilo lisahaulike, maana ukiliondoa huyo anayebaki si Reino. Kwa hiyo nitaeleza habari za Machi ile tulipokuwa tukijiandaa kwa usaili wa hospitali.

Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefungwa Januari. Reino alifanya kazi kwenye chumba cha boila, yale matangi makubwa ya kuchemsha maji yawe mvuke, tangu alipomaliza shule, na sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Kiwanda kilituachia bima ya afya mpaka mwisho wa Aprili tu. Hapo ndipo palipouma. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa, na daktari kule mjini Marquette alisema upasuaji usivuke mwezi wa kumi. Bila kazi hakuna bima, na bila bima hakuna ambaye angemgusa kwa kisu.

Hospitali ya kaunti ikatangaza nafasi moja ya mtunza boila. Reino alipoiona alisema boila zao ni ndogo, za kuchemshia chai. Kwa kuwa kazi ingekuwa rahisi kwake, nikadhani tumeshavuka.

Kwenye ofisi ya ajira tulimkuta binti mmoja aitwaye Shawna, mtu wa Detroit, mchangamfu, kucha zake ndefu zenye rangi ya machungwa. Akatupa karatasi yenye maswali kumi. Alisema maswali hayo huulizwa kila mahali, kuanzia benki mpaka kwenye kinu cha mbao, na kwamba wasaili siku hizi hukaa na fomu mbele yao na kutia alama kwa kila jibu. Mtu asiyejieleza hupata sifuri, hata kama anajua kazi kuliko wote. Reino akamuuliza kama hawawezi kumpeleka tu kwenye boila wakamtazama akifanya kazi. Shawna akacheka, akafikiri ni mzaha. Akamwambia aandike majibu, kisha ayafanyie mazoezi kwa sauti na mtu wa nyumbani.

Mtu wa nyumbani nilikuwa mimi.

Tulianza Jumatatu mezani jikoni, baada ya kahawa. Nilivaa miwani, nikashika karatasi, nikajaribu kukaa kama mkurugenzi.

"Tueleze kidogo kuhusu wewe," nikasoma.

"Naitwa Reino Lahti. Nakaa Barabara ya Kinu."

Nikangoja. Akaangalia mkate wa iliki uliokuwa mezani.

"Endelea," nikasema.

"Niendelee wapi? Ndiyo hivyo."

Lile lilikuwa swali la kwanza, na ndilo alilolijibu vizuri kuliko yote. Swali la pili lilimtaka ataje nguvu zake, yaani mambo anayoyaweza vizuri. Alifikiri muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia, kisha akasema hajawahi kuchelewa kazini. Nikamwambia hiyo si nguvu, ni saa ya ukutani. Swali la tatu lilihusu udhaifu wake. Akasema hilo waniulize mimi, ninayo orodha ndefu. La kujiona yuko wapi baada ya miaka mitano alilikataa kabisa. Alisema mtu mwenye moyo kama wake akijibu swali hilo ni kama anamchokoza Mungu.

Wageni huenda wasielewe, lakini sisi tuliozaliwa na wazee waliotoka Ufini tumelelewa hivyo. Mtu anayejisifu mbele za watu tunamwona kama mtu aliyevua suruali kanisani. Ukimsifia mwanamke mkate wake, atakwambia umeungua chini. Ukimsifia mwanamume sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, aliyoijenga kwa mikono yake, atakuonyesha ubao uliopinda. Nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeyasikia maneno ya daktari, na yeye alikuwepo pale pale, kiti cha pili.

Wiki ya pili nikabadilisha mbinu. Nikamwandikia majibu mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa, na kazi yake ikawa kuyakariri. La kueleza tatizo gumu alilowahi kulitatua sikuhitaji hata kufikiri. Mji mzima ulijua habari za boila namba tatu. Ilikuwa Januari ya mwaka mmoja wa zamani, baridi ya kupasua miti, pampu ya maji ikafa, na Reino akakaa mle ndani saa kumi na tisa peke yake akilisha boila maji kwa mkono ili mabomba ya kiwanda yasigande. Habari hiyo sikuambiwa na yeye. Niliipata dukani, miezi miwili baadaye.

"Haya, soma," nikamwambia.

Akasoma mistari miwili, akaweka karatasi chini.

"Hii si kweli, Verna."

"Ipi si kweli?"

"Hii ya peke yangu. Ile ilikuwa kazi ya Wes."

Wes Trudeau alikuwa mwenzake wa zamu, rafiki yake tangu utoto. Nikamkumbusha kwamba siku ile Wes alikuwa kitandani kwake na homa, na mkewe ndiye aliyenihadithia pale dukani.

"Ndiyo," akasema Reino. "Lakini nilitumia spana yake."

Niliondoka mezani. Nilitoka nje bila koti, nikasimama kwenye theluji nikihesabu mpaka hamsini. Niliporudi alikuwa ameosha vikombe, na juu ya karatasi yangu, pale nilipoandika "niliokoa kiwanda," alikuwa amekata kwa penseli na kuandika "kiwanda hakikuganda."

Tuliendelea hivyo siku kumi na saba. Nilimwuliza maswali akinyoa, akizoa theluji kwa koleo, akiwa amekaa juu ya benchi la sauna akitoka jasho. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamkejeli. Siku moja nilimwambia kwamba kama hawezi kujisemea mwenyewe, basi afikirie anasema habari za farasi anayemuuza. Akajibu kwamba angekuwa anamuuza farasi mwenye moyo mbovu, na huo ungekuwa udanganyifu. Mpaka mwisho yale majibu kumi nilikuwa nayajua mimi kama Baba Yetu. Yeye alijua mawili, na yote mawili aliyasema huku akitazama viatu.

Siku ya usaili nilimpeleka mwenyewe kwa pikapu, nisije nikasikia kwamba alipitia kwenye duka la vyuma. Nilimfunga tai. Nilimwambia jambo moja tu: kwamba wakimwuliza kwa nini wamchukue yeye na si mtu mwingine, asinyamaze. Hilo lilikuwa swali la kumi, na Shawna alisema ndilo lenye alama nyingi. Akaniahidi hatanyamaza. Nikabaki kwenye gari, hita imewashwa, mikono imefumbatwa.

Alitoka baada ya dakika ishirini, akapanda, akafunga mkanda. Uso wake ulikuwa umetulia, nami nikajidanganya kuwa hiyo ni dalili njema.

"Wamekuuliza la kumi?"

"Wameniuliza."

"Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilikuahidi."

"Ukasema nini, Reino?"

Akasafisha ukungu wa kioo kwa kiganja kabla ya kujibu.

"Nimewaambia Wes yuko pale nje kwenye benchi, anangoja zamu yake, na kwamba yeye anazijua boila za aina ile kuliko mimi. Aliwahi kuzifanyia kazi kule mjini Ishpeming. Wangeshangaa baadaye kwa nini sikuwaambia."

Sikupiga kelele. Nilimwuliza kama anajua anachokifanya. Alisema anajua. Nilimwuliza kama anafahamu Aprili ina siku ngapi. Alisema thelathini. Nikaondoa gari, tukarudi nyumbani, maili kumi na moja. Tulipofika alibadilisha nguo, akachukua koleo, akaenda kuzoa theluji ya jirani, na mimi nikamfuata kumnyang'anya lile koleo kwa sababu ya moyo wake, na tukalivutana mbele ya nyumba ya watu kama watoto.

Kazi akapewa Wes. Alikuja mwenyewe kutuambia, kofia mkononi, amebeba paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na hakuweza kunitazama. Reino alimpa mkono na kumwambia walichagua vizuri. Mimi nililiweka paja kwenye friji na kwenda chumbani.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa bima iishe nilipoona tangazo ubaoni kanisani. Shule ya kaunti ilitaka msimamizi wa jikoni. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini chini kabisa iliandikwa kwamba kuna bima kwa mfanyakazi na mwenzi wake. Sikuwahi kuajiriwa isipokuwa miaka miwili ya ujana kwenye duka la vitambaa. Nilichokuwa nacho ni miaka ishirini na mbili ya jiko la kanisa, na majibu kumi kichwani.

Wasaili walikuwa watatu, kila mmoja na fomu yake. Mkuu wa shule alivua miwani, akasema, "Tueleze kidogo kuhusu wewe," na nilikaribia kucheka.

Nilieleza. Nilijisikia nimesimama uchi madhabahuni, lakini nilieleza. Nilisema mimi ni mpangaji hodari. Nilisema nina uwezo wa kuongoza watu. Walipouliza udhaifu wangu nikasema sina subira na watu wasiojisemea, nao wakaandika. Walipotaka tatizo gumu, niliwapa ile Februari yenye mazishi mawili siku moja, umeme umekatika kwa dhoruba, waombolezaji mia mbili na kumi, na mimi nikawapikia wote kwa jiko la kuni la ukumbini. Walipouliza kwa nini wanichukue mimi, sikumtaja mtu mwingine yeyote. Nilisema hawatapata mwingine kama mimi.

Walinipigia simu Alhamisi. Nilianza kazi tarehe ishirini na tano Aprili.

Siku niliyoleta fomu za bima nyumbani, Reino alikuwa mezani akimenya viazi. Nilikaa mbele yake nikaandika jina lake kwenye nafasi ya mwenzi, na tarehe yake ya kuzaliwa, na jina la daktari wa Marquette. Akaniomba nimweleze usaili wote, swali kwa swali, maana alisema aliyasoma yale maswali muda mrefu na angependa kujua yanajibiwaje. Nikamweleza. Nilikuwa na kiburi, sitaficha. Alisikiliza akimenya, akiitikia kwa kichwa penye mazuri. Nilipomaliza habari za mazishi mawili akaweka kisu chini.

"Na Arlene?" akauliza.

Arlene ni dada yangu. Siku ile ya dhoruba alikuwa ukumbini tangu alfajiri, na supu yote ilikuwa yake.

"Arlene kafanyaje?"

"Hukumtaja."

"Reino Lahti," nikasema, "moyo ule ni wako au wa Arlene?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama alivyofikiri siku ya swali la pili, na kiazi mkononi.

"Ni wangu," akasema. "Lakini supu ilikuwa yake."

Nilimtupia kitambaa cha sufuria kikampata sikioni, naye akakiokota, akakikunja vizuri, akakirudisha mezani. Kisha nikageuza fomu kumwelekea, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi, na akatia.