Kondoo wa Nadhiri

Kwa jina la Yeye ajuaye yaliyomo mishipani kabla sindano haijayafikia, na rehema zimshukie Mtume wake na jamaa zake, naanza na kondoo. Alikuwa dume mweupe mwenye doa jeusi usoni, amefungwa kwenye mti wa mpeasi nyuma ya nyumba ya Hamza Shekiondo, hapa Vuga. Alinona hata mgongo wake ukawa kama godoro, na hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa kuwa hakuwa wa mtu.

Hamza alikuwa muadhini wetu. Hidaya ni mkewe, naye yu hai hadi leo. Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, rafiki yake tangu tulipojifunza alifu kwenye ubao mmoja. Daktari Zabron alikuwa kijana wa milima hiihii, Mlutheri, mtoto wa seremala tuliyemjua sote. Na jirani yao alikuwa Tatu, mwanamke mwema ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Malori ya watu binafsi yalipanda kutoka Mombo kuja kuzoa kabichi, mitumba ikatandazwa gulioni, na msikiti wetu ukapata kipaza sauti. Hamza hakukitaka. Alikiita jogoo wa betri.

"Jogoo wa nyama humsabihi Mola wake," alisema. "Huyu wa betri anamjua nani?"

Naye alikuwa na haki ya kusema. Sauti yake ilikuwa ikivuka bonde, ikagonga mlima wa pili na kurudi imetawadha kwa ukungu.

Kisha saratani ikaingia kooni. Asubuhi ya kushuka kwenda Dar es Salaam alisimama mlangoni amempakata mwanakondoo, akatamka mbele yetu: "Mola wangu akiniponya, huyu ni wake." Hakuongeza neno. Nadhiri haihitaji mapambo. Ikishatoka mdomoni imekwisha kufunga.

Huko alichomwa mionzi. Alirudi shingo imekuwa nyeusi kama ganda la ndizi iliyopitwa na siku zake, mate yamekauka, chakula chake uji tu. Mwezi baada ya mwezi sauti ikajikusanya, hadi alfajiri moja tukasikia adhana imetoka, nyembamba, lakini yake. Wapo waliolia kwenye safu. Watu wakasema, Muadhini amepona, achinje.

Hamza hakuchinja. Alitaka ashuhudie mwenye kujua.

Ndipo zikaanza safari za damu. Zabron alimtoa damu hospitalini, akaifunga ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, na basi likaishusha hadi kwenye maabara ya binafsi iliyokuwa imefunguliwa mjini. Nilimsindikiza mara nyingi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nimepona?"

"Damu ya safari iliyopita imetulia."

"Nakuuliza kupona, unanijibu kutulia. Hata chui hutulia."

Zabron alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ndiyo maana nakuita tena, Baba. Ugonjwa huu ukitaka kurudi, mara nyingine damu hubisha hodi kabla koo halijauma. Siwezi kukuambia neno nisilolijua."

Hamza alimpenda kwa hilo, ingawa lilimtesa. Kila aliporudi, Tatu alikuwa akimngoja uani.

"Muadhini! Kondoo kasemaje leo, yu hai au marehemu?"

"Damu imetulia."

"Basi huyu mtamwoza kabla hamjamchinja! Nimtafutie mchumba?"

Hidaya alikuwa akicheka hadi anashika mlango. Nakumbuka kicheko kile kuliko mengi niliyoyasoma.

Halafu ikaja siku Zabron hakutuacha tukae kwenye benchi la nje. Alitupeleka ndani, akafunga mlango, akasema kwa Kishambaa, polepole, kama anayemwamsha mtu. Damu ilikuwa imepanda. Akaongeza kwamba damu peke yake si hukumu. Koo lichunguzwe tena. Likachunguzwa, kipande cha nyama kikakatwa, na hukumu ikatoka: saratani imerudi. Mahali pale palipokwisha kuchomwa hapakuweza kuchomwa tena.

Baada ya swala ya alasiri Hamza alibaki msikitini, nami nikabaki.

"Mwalimu," alisema, "nitakufa ninadaiwa na Mungu."

"Hudaiwi. Nadhiri yako ilikuwa ya kupona. Sharti halikutimia, nadhiri haikufungi. Kondoo ni wako."

Aliupapasa mkeka kwa kiganja, akizisoma nyuzi zake.

"Siku ile sauti iliporudi, nikapanda kuadhini, nilikuwa mgonjwa?"

Niliviacha vitabu vyote nilivyopitia, nikaikumbuka adhana ile.

"Ulikuwa mzima," nikasema.

"Na mwaka jana, nilipolima viazi na mke wangu?"

"Ulikuwa mzima, Hamza."

"Basi aliniponya. Hakuniambia ni kwa muda gani, nami sikumwekea muda. Nachinja Ijumaa. Watu wasiambiwe, nataka wale kwa furaha."

Ijumaa hiyo ilisomwa maulidi, na watu wakajaza uwanja. Walikuja hata kutoka Bungu, wakampa mkono, wakamwambia hongera ya kupona. Hidaya alivaa kanga mpya, akaitikia kila salamu, na uso wake haukumsaliti hata mara moja. Saa ya adhuhuri Hamza alipanda kuadhini. Alisimama, akakohoa, kisha akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti.

"Kumbe leo jogoo wa betri kakubaliwa!" Tatu alipaza sauti kutoka upande wa wanawake, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hamza naye alicheka. Kisha akaadhini. Mlima wa pili haukurudisha sauti, na sidhani kama kuna mwingine aliyeungoja mwangwi wake ila Hidaya na mimi.

Masinia yakapita. Hamza alikaa katikati ya wageni wake, akiwasogezea nyama ya mbavuni, mwenyewe asionje.

"Mbona Muadhini hali?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ee bwana," akajibiwa, "nadhiri hailiwi na mwenyewe. Ni sheria."

Ni sheria kweli. Nimeifundisha miaka mingi. Hamza alinitazama juu ya sinia, akatabasamu, akameza mate kwa taabu. Hakuna mgeni aliyejua kwamba hata angeruhusiwa, tonge lisingepita kooni.

Tulimzika kabla mapeasi hayajaiva. Kamba ya kondoo ingali shinani mwa mpeasi ule. Hidaya hakuifungua, na gome limeanza kuimeza.

Ewe Mola, mpe Hidaya siku zisizo na kungoja. Mhifadhi Zabron, na uwahifadhi wote wanaokataa kusema wasilolijua. Na kila aliyetolewa damu leo, akarudi nyumbani bila jibu, mtulize yeye kabla ya damu yake. Amin.