Ngata Ndani ya Kioo

Nani kawaambia hili ni la shingoni? aliuliza bibi yangu wiki iliyopita, alipokuja makumbusho na wazee wenzake, fimbo yake ikigonga kioo cha kabati mbele ya mwongoza wageni, mkuu wa makumbusho, na mimi, na sasa mkuu anatusomea kikaoni mpango wake wa ziara za wazee, ukurasa wa pili, "wageni wetu watakaa vitini, watasikiliza maelezo kwa dakika arobaini, kisha chai," watakaa, watasikiliza, kama watoto wa chekechea, nami naitafuna kalamu... siku ile kibao cha kabati kimeandikwa "Pambo la shingo, majani makavu," bibi akacheka mpaka akashika ukuta, hii ni ngata, mwanangu, inakaa kichwani ili mtungi usikuumize, na mzee mmoja nyuma yake akadakia, "Ukiivaa shingoni, bibie, utafanana na mbuzi aliyekata kamba!" wakaangua kicheko wote kumi na wawili, magoti yakasahau maumivu, kila mmoja akataka kueleza yake ilivyosokotwa, na mwongoza wageni akapiga makofi, jamani tusonge, ratiba... "Wakili, uko nasi?" mkuu ananiuliza, wananiita Wakili kwa ajili ya midahalo ya chuo, nilikokuwa nikivunja hoja za watu kama karanga, niko nawe mkuu, nasema, na kinywa hiki siku ile kilikuwa wapi, eti namlaumu mwongoza wageni, namlaumu mkuu na viti vyake, haya, kibao kiliandikwa na nani? Mimi. Mwezi wangu wa kwanza kazini, nikapima upana, nikatazama picha kitabuni, nikaandika, na bibi tunaishi naye nyumba moja, ukuta kwa ukuta, sikumuuliza, na alipogeuka kunitazama pale kabatini alijua, akanisitiri, njiani akaniuliza tu kama nimekula... ukurasa wa tatu, "kama hakuna pingamizi tunapitisha," feni inazunguka, chupa za maji hazijafunguliwa, mkono wangu umeshapanda, mkono wa bingwa wa midahalo, na hoja kali niliyokuja nayo imeyeyuka yote, mkuu, kile kibao niliandika mimi na nilikosea, naomba msipitishe leo, naomba tuwaulize wazee wenyewe kwanza.