Mfalme Asiye na Kizazi

Usi Mkubwa alipopeleka posa kwa Mzee Msabah mara ya kwanza, alikataliwa kwa sababu ya mkono uliokatwa miaka mia nane na zaidi kabla hajazaliwa.

Msikiti mkongwe wa Dimbani, huko Kizimkazi, kila nyumba ina hadithi yake juu ya nani aliyeujenga. Nyumbani kwa kina Usi walisema ulijengwa na fundi aliyeitwa Kazi, na wao ndio kizazi chake. Mfalme Kizi alipouona umekwisha, na kibla chake cha mawe ya matumbawe kimechongwa kama kitambaa cha kudarizi, aliamuru fundi akatwe mkono asije akamjengea mtu mwingine mfano wake. Nyumbani kwa Mzee Msabah hadithi ilikuwa nyengine. Wao walikuwa watu wa mfalme. Walisema Kizi alitoka Shirazi, mcha Mungu, na yule fundi aliangukiwa na jiwe, mkono ukasagika, mfalme akamlisha yeye na wanawe mpaka mwisho wa umri wake. Nyumba zote mbili zilikubaliana kwamba maadui walipokuja mfalme aliomba dua, likatoka wingu la nyuki likawafukuza, na walipokuja mara ya pili akaomba asitiriwe, jiwe likafunguka, akaingia, likajifunga. Kule Mkunguni, upande wa pili wa mji, wapo waliosema kwamba wote hao wanajitungia tu, na jina la Kizimkazi lilikuwapo kabla ya mfalme na fundi.

Mzee Msabah alikuwa khatibu wa msikiti huo. Hakuona vipi atamuoza binti yake Mwatum kwa watu ambao kila wakikaa wanamsingizia babu yake ukatili. Lakini Mwatum aliwakataa wachumba wawili waliokuja baadaye, akawa hali chakula vizuri, na mamake akachoka kumtetea. Mwishowe mzee alikubali. Usi alikuwa fundi wa chokaa, mtu wa maneno machache, na mzee aliona angalau hatokuwa na kelele. Walioana, wakapata mtoto wa kike, wakamwita Wanu.

Kisha yakaja Mapinduzi. Hakuna aliyemwendea Mzee Msabah kumwambia neno. Ila alisikia yaliyowapata watu wa sultani mjini na katika baadhi ya mashamba, na tangu mwezi ule hakutaja tena Shirazi wala mfalme. Zamani harusi haimaliziki hajahesabu mababu zake mbele ya wageni. Sasa alisoma khutba ya ndoa, akala, akaondoka.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Siku moja likaja gari kutoka mjini na kijana mmoja aitwaye Abrahman, kutoka ofisi moja iliyokuwa ikikusanya habari za dhuluma za zamani, na mashine ya kunasia sauti begani. Alianza kwa khatibu, kama ilivyo adabu. Mzee Msabah alimjibu kwamba yeye hajui ila nyakati za sala. Watu wa barazani wakamwelekeza kwa Usi, aliyekuwa akipiga lipu ukuta wa duka.

Usi alisimulia huku mwiko uko mkononi. Hakuchukua muda. Fundi, msikiti, mkono. Abrahman alimtaka arudie, na alipokwisha kurudia alizima mashine akamtazama kwa furaha ya mtu aliyekitafuta kitu kote akakikuta uani kwake.

"Ndugu Usi," alisema, "hadithi hii si ya kubaki Dimbani."

Haikubaki. Usi alichukuliwa mjini akapandishwa jukwaani Jang'ombe, kisha Kikwajuni, kisha kwengineko. Akapewa na kazi ya kusimamia mafundi wa lipu kwenye majumba mapya yaliyokuwa yakijengwa; alikuwa akilala kwa binamu yake Jang'ombe na kurudi kwao kila Alkhamisi. Mwanzo alisema maneno yale yale aliyoyasikia kwa bibi yake. Lakini aliona namna watu wanavyonyamaza anapofika penye mkono, wengine wakijishika vifundo vya mikono, na jambo hilo lilimwingia. Hajapata kusikilizwa hivyo maisha yake. Hadithi ikaanza kukua. Fundi akapata wana wadogo waliosimama wakitazama, na mke aliyejitupa miguuni pa mfalme. Usi alijua kwamba wana na mke huyo amewatia yeye, na alijiambia kuwa lazima walikuwapo, maana bila ya wao kizazi kingetoka wapi.

Kwenye mkutano wa Malindi, mbele ya wachukuzi wa bandarini, mtu mmoja alisimama akauliza: huyo mfalme, kizazi chake kiko wapi leo?

Abrahman aliingia kati akasema suala ni zuri na litajibiwa redioni wiki inayokuja. Garini, walipokuwa wakirudi, alimgeukia akamuuliza kwa sauti ya kawaida tu kama anawajua. Usi alisema atafikiri.

Alkhamisi ile alifika nyumbani akamkuta Mwatum anapepeta mchele. Akamweleza yote. Mwatum aliuweka ungo chini.

"Utamtaja baba?"

"Sitomtaja."

"Wakikuuliza tena?"

"Ntasema mfalme hakuacha mtoto. Kaingia jiweni, kamalizika. Wakisikia hivyo hawatomtafuta mtu."

Mwatum alikuwa akifikiri juu ya majirani waliochukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Kisha akasema, "Basi sema hivyo. Na ulitamke vizuri lisikike."

Likatamkwa, likasikika. Redio ya Dimbani ilikuwa moja, ya mwenye duka, na jioni hiyo baraza ilijaa kwa kuwa mtu wao anasema. Mzee Msabah naye alikuwapo, ametoka kusalisha Alasiri. Sauti ya Usi ilitoka nzito kuliko ilivyo. Ilieleza habari za mkono, mke na wana, kisha ikasema: "Mfalme Kizi hakuacha mtoto. Leo hakuna mtu hata mmoja duniani wa kizazi chake."

Hakuna aliyethubutu kumtazama khatibu. Mmoja alijitia kufunga kiatu. Mzee aliinuka, akaaga kama desturi, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hakula chakula kilichotoka kwa Mwatum. Bakuli lilikwenda na mchuzi na likarudi na mchuzi. Mwatum alikwenda mwenyewe akamweleza kwamba wazo lile walilikubali pamoja, yeye na mumewe, na kwamba wamelifanya kwa ajili yake, asije akachukuliwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wangelinichukua, wangelimchukua mtu," alimwambia. "Sasa mmenifanya sikuzaliwa."

Siku chache baadaye, alfajiri, alivaa kanzu yake ya Idi na koti, akapanda gari la shamba lililopeleka mihogo na ndizi mjini. Hakumuaga mtu. Mwatum alipopata habari gari lilikuwa lishafika mbali.

Mjini aliuliza mpaka akaifikia ile ofisi. Abrahman alimkumbuka, akamkaribisha kiti na chai. Mzee hakuigusa chai. Alisema kwa ufupi kwamba yaliyosemwa redioni si kweli. Kwamba Mfalme Kizi alizaa, na wana wake wakazaa, na mmoja wao ndiye yeye aliyekaa mbele yake, Msabah, khatibu wa Dimbani. Alitaka litangazwe kama lilivyotangazwa lile. Abrahman akitaka kumfunga baada ya hapo, shauri lake.

Abrahman alituma mtu kwenye majumba mapya. Usi alikuja na chokaa imemganda mikononi, akamkuta mkwewe amekaa wima, fimbo katikati ya magoti, kanzu imeshika vumbi la njiani mpaka kiunoni. Alitoa heshima yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mzee, bila ya kumtazama.

Abrahman alikuwa kijana mwenye wasiwasi kuliko ukali. Hadithi ile alikwisha kuipeleka kwa wakubwa wake, wakubwa wameisifu, na jina lake limetajwa pahala ambapo alitaka litajwe. Alieleza alichoambiwa na mzee. Kisha akasogea karibu na Usi, akasema kwa upole kwamba watu wazima huja ofisini kila siku na mengi. Akili huchoka. Kama Usi atasema mzee wake ameanza kupotewa na akili, atapandishwa gari arudi kwake salama, na hadithi itabaki ilivyo.

Mzee Msabah alikuwa akisikia yote. Alishika fimbo yake, akainua uso, na Usi aliona anamtazama yeye. Hapo ndipo alipofahamu kwamba mzee hakuja mjini kushindana naye. Amekuja kutafuta mtu mmoja wa kusema kwamba yupo.

"Akili zake nzima," Usi alisema. "Wao ndio watu wa mfalme, kwetu linajulikana tangu sijazaliwa. Mke wangu ni wa kizazi hicho. Binti yangu Wanu ni wa kizazi hicho, na ni wa kizazi cha fundi pia. Mimi redioni nilisema uwongo."

Abrahman aliinuka akafunga mlango. Aliuliza kama yuko mwengine aliyesikia. Alipotosheka kwamba hakuna, alikaa akazungusha kikombe cha mzee mezani kwa muda, chai imeshapoa. Kisha aliwaambia waende. Fundi asiseme tena pahala popote, akaongeza, na mfalme naye asiseme. Hakuwatishia. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo akiogopa ukimwagika utamchafua mwenyewe.

Walirudi kwa gari moja la jioni, wakakaa benchi moja kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyengine. Walipopita Kitogani mzee alikohoa.

"Wale wana waliokuwa wakitazama," alisema. "Umewatoa wapi?"

"Niliwatia mimi."

"Na mke?"

"Na mke."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Na ule mkono haukukatwa. Jiwe."

"Ulikatwa, baba."

"Jiwe, Usi."

Wakaendelea na hayo mpaka Dimbani, bila ya kupandishiana sauti, na abiria wenziwao wakadhani wanasemeana juu ya jengo fulani. Mwatum alikuwa amekaa ukumbini tangu adhuhuri, hajaweza kupika. Alipowaona wote wawili wanaingia, aliwasha moto. Usiku ule baba yake alikula kwake.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya hofu. Kila gari likisimama njia kuu, Mwatum aliacha alilokuwa nalo. Hakuna aliyekuja kumchukua mtu. Ila Usi aliporudi kazini alikuta msimamizi mwengine, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Akakusanya miko yake, akarejea kupiga lipu maduka na kuta za vyoo huko shamba. Abrahman, walisikia, alihamishiwa Pemba.

Mwaka uliofuata hadithi ya msikiti ilisomwa tena redioni, na mtu mwengine, kutoka kwenye karatasi. Safari hii hapakuwa na mfalme wala fundi. Msikiti wa Dimbani ulijengwa na wananchi wa zamani kwa kujitolea, kila mmoja akileta jiwe lake. Hapakukatwa mkono wala hapakuanguka jiwe. Hata nyuki hawakutajwa. Usi na Mzee Msabah walikuwa wamekaa baraza moja wakisikiliza. Iliyofuata ni taarabu, na mwenye duka akaongeza sauti.

"Basi na wewe huna babu tena," mzee alisema.

Usi alikiri kwamba ndivyo ilivyo.

Mzee aliishi miaka mingine michache, akisalisha mpaka magoti yalipokataa. Alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi ya msikiti, alihamia kwa Mwatum, akawa anakaa ukumbini. Siku moja Usi alitoka kazini akamkuta anamsimulia Wanu, ambaye alikwisha kuwa msichana wa skuli. Alikuwa amefika pale mfalme anapokuja kuutazama msikiti, umekwisha, chokaa haijakauka. Usi alisimama mlangoni na ndoo yake, hakuingia.

Mzee alimwona. Akapangusa uso kwa shuka.

"Hapa muulize baba yako," alimwambia mjukuu wake. "Mimi nina langu, yeye ana lake. Kwanza sikiliza la kwake."

Usi aliweka ndoo chini, akakaa kwenye kizingiti. Alisimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake, bila ya wana na bila ya mke. Alipokwisha, mzee alianza la kwake. Wanu aliwasikiliza wote wawili, kisha akauliza nyuki walitoka wapi. Babu na baba kila mmoja akamwelekeza kwa mwenzake, na Mwatum akaita chakula.