Nguo za Picha

Kama umewahi kuona kalenda ya wafadhili wa Shule ya Misheni ya Nuru ya Nyika, ile yenye mtoto mmoja kwa kila mwezi, basi umeona kazi ya mikono yangu. Watoto wenyewe walizaliwa na mama zao. Lakini yale matambara waliyovaa nimeyashona mimi, Laurenti, fundi cherehani wa barazani jirani na soko la Korogwe, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na nne kwenye kazi hii. Nimeshona suti za maharusi, nimeshona majoho ya kwaya tatu, nimeshona gauni la mke wa diwani ambalo watu walilizungumzia mpaka Kabuku. Katika yote hayo, kilichopanda ndege kwenda Ulaya ni matambara.

Aliyeniagiza ni Valerian, mratibu wa ufadhili wa shule hiyo iliyoko upande wa Handeni kwa wafugaji. Ni mtu wa kuvaa koti lenye mifuko minane isiyo na kitu ndani. Wageni wakiwepo huongea taratibu kama yuko msibani, wakiondoka anawafokea wapishi. Miaka sita iliyopita alikuja akaketi kwenye benchi la wateja, akanipa shikamoo ndefu ya mtu mwenye shida, akasema anataka nguo kumi na mbili za watoto, zilizochakaa.

Nikamwonyesha kwa kidole ilipo mitumba.

"Mitumba haifai, mzee," akasema. "Ina maandishi, ina vikatuni, na mingine bado mizuri mno. Nataka nguo ambayo mtu akiiona tu, mkono unaenda mfukoni."

Ilitakiwa nimwekee pasi ya mkaa kwenye ule mkono wake. Badala yake nilimuuliza vipimo. Nilijiambia hizo nguo ni za watoto wa kule nyikani, watoto wa Wamaasai, ambao mimi niliwaona ni watu wa kujitanda mashuka tu, wasiojua kola wala pindo. Sifichi. Niliwadharau, na dharau hiyo ilinirahisishia kazi.

Na mimi si mtoto wa tajiri. Nimezaliwa kambi ya mkonge Ngombezi, babu yangu alikuja kukata mkonge akafia humo humo. Tulikuwa na shati moja moja, lakini vifungo vyote vilikuwepo. Mpiga picha alipopita kambini, mama alituogesha, akatupaka mafuta, akaazima viatu kwa karani. Zipo mpaka leo picha zetu ndugu watano, kila mmoja amesimama peke yake, na viatu ni vile vile. Kwetu picha ni kitu cha kuvalia. Hata maskini wa mwisho hakuwahi kukubali kubaki kwenye karatasi akiwa mchafu.

Basi nikanunua kitambaa kizima cha tetroni, nikakikata, nikakishona, kisha nikakiharibu. Niliziloweka nguo kwenye maji ya majani ya chai. Nilizisugua kwa jiwe. Nikatoboa hapa tumboni, nikachana pale kwenye kiwiko. Halafu nikafanya upumbavu wa fundi. Tetroni ukiitoboa inafumuka, na baada ya kufuliwa mara mbili ungebaki na kola tu. Mimi sijawahi kutoa barazani kwangu nguo inayofumuka. Kwa hiyo nikakaa siku tatu nikizungushia kila tundu uzi kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa tundu la kifungo, ili matambara yadumu.

Valerian hakuona kitu. Ataona nini mtu ambaye hajawahi kugeuza nguo upande wa ndani? Nguo zikawekwa kwenye kabati la ofisi pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo. Wageni wakija, watoto wanavuliwa sare, wanavishwa matambara, wanapigwa picha, wanavuliwa, na mlezi wa bweni anayafua, anayapiga pasi na kuyakunja. Ndiyo, anayapiga pasi.

Mjukuu wangu Joyceline hakuwahi kuyavaa. Binti yangu aliniachia mtoto huyu akiwa na miaka miwili, akaenda kuolewa Morogoro kwa mwanamume asiyetaka mtoto wa mwenzake. Joyceline alikulia chini ya cherehani yangu akiokota pini kwa sumaku. Akiwa na miaka mitano ungempa nguo mbili akakwambia ipi ni ya babu na ipi ni ya fundi wa jirani. Alipofika darasa la tatu padri wetu alimwombea nafasi Nuru ya Nyika, na mzee mmoja wa huko ng'ambo akajitolea kumlipia kwa kuona picha ndogo ya fomu, ile ya kichwa na mabega tu. Mtoto akasoma. Ripoti zake nilizibandika ukutani, juu ya chati ya vipimo.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Valerian akanipigia simu. "Pole sana, mzee. Mfadhili wa Joyceline amefariki." Alisema kwa sauti ya kunyenyekea kana kwamba aliyekufa ni kaka yangu. Wageni wangekuja mwezi wa saba na mtoto atafutiwe mtu mwingine, na mimi kama mlezi nifike. Kisha akaongeza kwamba ananitumia kwa basi zile nguo, maana kadhaa zimeachia mabega.

Nililetewa matambara yaliyochanika, niyashone ili yabaki matambara. Nikayashona. Na kwa muda uliobaki nikamshonea mjukuu wangu gauni la bluu la marinda, kola nyeupe, mikono ya puto, kwa ajili ya picha yake. Niliamini hivyo kabisa. Nguo za picha ni za wengine, Joyceline ana babu fundi.

Siku yenyewe nilifika na gari la asubuhi kutoka Korogwe, begi la matambara mkono mmoja, gauni la bluu mkono mwingine. Watoto walikuwa wameshasimamishwa juani tangu saa mbili wakiimba wimbo wa kukaribisha wageni ambao hawajafika. Hakuna aliyefundishwa kitu siku hiyo. Saa tano ikaja basi dogo, wakashuka watu kumi na mmoja, wenye kofia na chupa za maji, na watatu kati yao walianza kulia kabla hawajaambiwa lolote. Sijui mtu anawezaje kulilia choo cha shule ambacho hajakiingia.

Watoto tisa waliokosa wafadhili walikusanywa ofisini pamoja na walezi wao. Wa kwanza alikuwa Lemayian, mtoto wa Siamanta, mwanamke wa Kimaasai aliyetembea tangu alfajiri. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa, shuka jekundu jipya, shanga shingoni na mikononi. Valerian akachomoa shati kwenye begi langu akampa mama. Siamanta akalinusa. Akapitisha kidole kwenye tundu, akanitazama mimi niliyeshika begi.

"Hii ni nguo ya nani aliyekufa?"

"Si ya mtu, mama," Valerian akasema. "Ni ya picha tu."

"Mwanangu ana ng'ombe sita wa kwake. Mkitaka kumpiga picha, mpigeni na shanga zake. Kama hamtaki, sisi tunaondoka."

"Mama, wageni hawataelewa shanga."

Siamanta alilitupa shati juu ya meza, akamshika mwanawe mkono, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akikatiza uwanja mbele ya wageni bila kugeuka. Nami nikamcheka moyoni. Ng'ombe sita, na anaringa! Ningekuwa na akili, ningebeba begi langu nikamfuata.

Zamu yetu ikafika. Joyceline aliingia na gauni la bluu, viatu vimepigwa rangi, na nywele kazisuka mwenyewe. Valerian akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee Laurenti, huyu mtoto umemfanya nini?"

"Nimemvalisha."

"Anaonekana mtoto wa meneja wa benki! Nani atamfadhili huyu? Watauliza kama yeye ndiye atakayewafadhili wao."

"Basi apigwe na sare ya shule."

"Sare inaonyesha ameshasaidiwa." Akatazama saa. "Mzee, nakuheshimu. Lakini wageni wanaondoka saa nane. Asipopata mtu safari hii, Januari uje umchukue."

Nilisimama pale nikiwa na miaka sitini na moja, na cherehani mbili, na jina langu limeandikwa barazani kwa rangi nyekundu. Nilipiga hesabu ya ada kichwani na jibu lilikuwa lile lile kila nilipoirudia. Nikafungua begi mwenyewe. Nikachagua nguo ya kahawia kwa sababu tundu lake lilikuwa dogo kuliko mengine, nikachagua kwa makini kama ninayemchagulia mtoto nguo ya Krismasi.

Joyceline aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza upande wa ndani kwanza, kama nilivyomfundisha. Akapitisha dole gumba kulizunguka tundu lote, taratibu, mpaka akarudi alipoanzia.

"Babu, hii umeshona wewe."

"Vaa, mama. Ni dakika moja tu."

Aliingia nyuma ya kabati, akatoka amevaa. Gauni la bluu alilikunja marinda yakiwa yamelala sawasawa, akaniwekea mapajani.

Nje, ukutani, mpiga picha wao alikuwa tayari. Pembeni yake alisimama bibi mmoja mwenye nywele nyeupe fupi, waliyemwita Bibi Greta, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa kanisa lao. Kwenye kola ya koti lake alikuwa amechomeka pini nne. Nikajua papo hapo huyu ni mtu wa kazi yangu. Wenzake walitazama tundu wakatikisa vichwa kwa huruma. Yeye alitazama ukingo wa tundu. Akainama, akaugeuza kwa ukucha, akaona mishono yangu yote iliyojipanga, akauliza kitu.

Kabla Valerian hajatunga uongo, Joyceline alijibu mwenyewe kwa Kiingereza. Mimi nilielewa neno Korogwe na kile kidole alichoninyooshea. Baadaye aliniambia alichosema: kwamba ni babu yake ameshona, na hakuna fundi kama yeye Korogwe nzima.

Nikasema moyoni, leo Valerian amekwisha. Mwanamke huyu anajua sindano, anajua hakuna umaskini unaozungushiwa mshono wa tundu la kifungo. Atamfokea, atadai gauni la bluu, na mwanangu atapigwa picha akiwa mtu. Na kweli alinijia. Alinishika mkono, akapapasa sugu ya kidole changu, machozi yakamlengalenga.

"Anasema ni kazi safi sana," Valerian akatafsiri, jasho likimtoka. "Anasema hajaona mshono wa mkono kama huu tangu mama yake afe."

"Mwambie ahsante," nikasema.

Bibi Greta akarudi kwa mtoto. Akapiga magoti, akachomoa pini kwenye kola yake, akaukunja ndani ule ukingo nilioushona, akaubana usionekane. Kisha kwa ukucha akavuta nyuzi mbili, akaziacha zining'inie. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande, vile vile ninavyofanya mimi mteja anapojaribu suti. Akamwashiria mpiga picha aendelee.

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu. Nimemdharau Valerian na mifuko yake, na wale waliaji wenye kofia, na Siamanta wa watu, Mungu anisamehe. Lakini hakuna niliyemdharau kama bibi yule kwa muda wa pumzi moja, mpaka nilipokumbuka kwamba alichofanya ni kumalizia kazi yangu. Nguo ilikuwa na kasoro, naye akairekebisha. Mafundi tulikuwa wawili pale ukutani.

Mfadhili alipatikana kabla ya wiki tatu kwisha. Kalenda ya mwaka unaokuja imefika mwezi huu, Valerian kaniletea mwenyewe akitabasamu. Joyceline ndiye Machi. Valerian aliitundika barazani kwangu kabla sijakataa, na mteja wa kwanza aliyeiona, mwanamke aliyekuja kupima sare ya harusi, akauliza, "Fundi, huyu si mjukuu wako? Hata gauni humshonei?" Akaondoka na kitambaa chake.

Niliitoa ukutani. Joyceline alirudi likizo kesho yake, mrefu, wa pili darasani. Nilimpa gauni la bluu alivae twende kanisani, akasema linambana, na halimbani. Jioni alileta sketi yake ya sare. Waya wa uzio ulikuwa umeichana pembeni, mpasuko wa kidole kizima. Nilivaa miwani, nikachukua kipande cha kitambaa cha rangi ile ile nikaanza kukata kiraka.

"Usizibe, Babu," akasema. "Zungushia uzi tu, isiendelee kuchanika. Mwezi wa saba wanarudi."

Mkasi ulibaki hewani. Aliponiona sifanyi kitu, alivuta kigoda, akachukua sindano kwenye mto wa pini, akatia uzi kwa jaribio la kwanza bila kuulamba. Alishona mpasuko wote kuuzunguka, mshono mdogo mdogo, akaukata uzi kwa meno na kunipa nikague. Niligeuza upande wa ndani. Alikuwa ameshona vizuri kuliko mimi.